Shangazi, mwanangu wa miezi 8 kaniondolea usingizi

Shangazi shikamoo. Naomba jina langu usiliweke maana huku Makorora mtu akipiga chafya mwisho wa mtaa sie wa huku tunamwitikia. Nina mtoto wa kiume miezi 8, ndo wa kwanza, anakula, anacheka na kila mtu, mchana ukimuona utasema huyu mtoto hana neno, lakini usiku shangazi yani usiku ni mtu mwingine kabisa. Analala saa 5 hivi, kabla ya hapo hataki hata kusikia, na akishalala haiishi hata saa nzima kashaamka analia, nampa ziwa ananyonya kidogo tu kalala, nikimtoa nimuweke chini macho hayo, narudisha ziwa, hivyo hivyo mpaka adhana ya alfajiri inanikuta nimekaa kitako, na mie saa 1 na nusu natakiwa niwe dukani.

Nauza duka la vipuri vya pikipiki Ngamiani, nilirudi kazini likizo ya uzazi ilipoisha mtoto hajafika hata miezi 3. Bosi kashaniambia wateja wanakuja wananikuta nasinzia kaunta. Nakunywa kahawa chungu asubuhi, mchana, na jioni kwa wazee pale kwenye kona napitia kikombe kingine ili nifike nyumbani nikiwa mtu.

Mchana mtoto anabaki na dada wa kazi na mama mkwe, alikuja kutoka Pangani nilipojifungua na bado tupo nae, namshukuru kwa kweli. Anamnywesha uji na maziwa ya ng'ombe kidogo, ziwa mpaka nirudi. Saa 12 jioni nikifika namkuta mgongoni kwa dada kalala fofofo, wananiambia kalala toka saa 10, na mie nafurahi jamani namuacha alale nipate kuoga na kupika. Anakuja kuamka saa 1 na kitu, tivii imewashwa, watu wanakula, mume wangu akiwepo ndo muda wa kumrusharusha juu, kwake hapo kumekucha. Mume yupo bandarini anaingia shifti, wiki hii mchana wiki nyingine usiku, akiwa nyumbani usiku anasema yeye hana ziwa atasaidia nini, anageukia ukutani mara anakoroma.

Ushauri nimepewa mpaka basi. Mama mkwe anasema maziwa yangu mepesi, mtoto anaamka na njaa, nimpe uji mzito saa 4 usiku, nimempa wiki nzima akawa anatoa gesi na kulia zaidi. Alafu anasema ni jicho, kamfunga mvuje shingoni na kila magharibi anafukiza ubani chumbani dirisha limefungwa, anamvisha sweta na kofia na soksi ati upepo wa bahari, shangazi hii kaskazi sie wenyewe tunalala na kanga tu! Na kumlaza ni kifudifudi ili tumbo litoe gesi. Gripe Water nimeshamaliza chupa. Jirani anasema piritoni ya maji kijiko kimoja tu, wanae wote kawalea hivyo na wako shule. Na dada mmoja nilosoma nae Usagara sa hivi yuko Dar kanitumia voisi ndefu, ati wazungu wanamuweka mtoto chumba chake wanafunga mlango wanamuacha alie, siku ya tatu ananyamaza mwenyewe analala mpaka asubuhi. Sie tuna vyumba viwili vya kupanga, kimoja mama mkwe na dada, kimoja sie watatu, na ukuta haujafika juu, mtoto akilia nyumba nzima wanalia nae.

Juzi usiku shangazi nilimuweka kitandani analia, nikatoka uani nikakaa juu ya ndoo na mie nikalia. Niliona hasira ambayo sijawahi kuiona maisha yangu, nikaogopa mikono yangu. Sasa nafikiria nimuachishe ziwa kabisa labda atalala. Niambie, mwanangu anaumwa au mie ndo sijui kulea?

Mama Kope Nzito, Makorora, Tanga

* * *

Marahaba mwanangu. Nianzie uani, hayo mengine yatasubiri.

Kumuweka mtoto mahali salama ukatoka nje mpaka moyo utulie ndo kitu cha akili kuliko vyote ulivyofanya usiku ule, na siku hasira ikirudi fanya hivyohivyo, mtoto hafi kwa kulia dakika kumi peke yake kitandani. Kinachoua ni kumtikisa. Kichwa cha mtoto ni kizito na shingo yake bado laini, ukimtikisa kwa nguvu hata sekunde chache ubongo unagonga fuvu, mishipa inachanika, damu inavujia ndani, kuna wanaokufa na kuna wanaobaki vipofu au na degedege maisha yote, na waliofanya hivyo wengi hawakuwa wakatili, walikuwa hawajalala. Kwahiyo muweke, toka, na kagonge mlango wa mama mkwe hata kama ni saa 9 usiku umwambie mama nishike mtoto nimezidiwa. Hatakataa, mie nawajua wamama wa Pangani. Na kama huzuni inabaki hata siku uliyolala vizuri, chakula hakipiti, mtoto unamuona kama wa jirani au yanakujia mawazo ya kujidhuru, siku hiyohiyo nenda kliniki au hospitali ya Bombo ukawaambie waziwazi. Hiyo ni sonona ya baada ya kujifungua, inaweza kumpata mtu wakati wowote ndani ya mwaka wa kwanza na inatibika, si ukosefu wa imani wala uvivu.

Haya, mtoto. Kwa ulivyonieleza sioni ugonjwa hapo. Naona mtoto mwenye afya na nyumba ambayo haijaamua usiku unaanza saa ngapi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019, mtoto wa miezi 4 mpaka 11 anatakiwa kupata usingizi wa saa 12 hadi 16 ndani ya siku nzima, wa mchana ukiwemo. Sasa chukua siku ya mwanao uihesabu. Saa 10 jioni mpaka saa 1 usiku yuko mgongoni kwa dada, huo si usingizi wa mchana tena mama, huo ni usiku wake wa kwanza! Anaamka kashiba usingizi, anakuta taa, tivii, baba karudi, mama ambae hajamuona kutwa nzima, we unataka alale saa 3 na nini? Hata mie nisingelala. Kwahiyo kabla ya dawa na kabla ya mvuje, rekebisha hapo. Akifika saa 10 jioni awe macho, na kama bado anasinzia dada amshushe mgongoni amuogeshe, atoke nae nje barazani akaone baiskeli zinapita. Asubuhi alale, baada ya chakula cha mchana alale hata saa mbili, ila jioni hapana. Siku za kwanza atakuwa mkali jioni, mvumilieni, na hapo muda wa kulala usogezeni uwe saa 1 na nusu au saa 2 usiku. Najua utasema mapema mno shangazi, nami namuona saa ngapi. Tutafika huko.

La pili ni hili la kuamka kila saa. Hakuna mtoto asiyeamka usiku, hata huyo wa jirani anayesifiwa. Usingizi wa mtoto unaenda kwa mizunguko, mmoja kama dakika 50 mpaka 60, ukiisha anapanda juu kidogo, anaguna, anajigeuza, akiwa sawa anazama tena. Sie wakubwa tunafanya vilevile ila tunavuta shuka na asubuhi hatukumbuki. Wako kila akipanda juu anatafuta alicholala nacho, na alilala na ziwa mdomoni, halipo, basi anakuita ulirudishe. Ndo maana ananyonya kidogo tu, hana njaa yule, anatafuta njia pekee anayoijua ya kurudi usingizini. Na hiyo habari ya kulala moja kwa moja mpaka asubuhi watu wanaitia chumvi sana. Kuna utafiti ulifanywa Kanada ukatoka 2018, walikuta watoto wa miezi 6 karibu wanne kati ya kumi hawalali hata saa 6 mfululizo, na wakifika mwaka mmoja bado zaidi ya robo hawalali hivyo, na ni watoto wazima wanaokua vizuri tu. Kwahiyo sie hatutafuti mtoto asiyeamka. Tunatafuta aamke mara moja au mbili badala ya nane, na wewe upate angalau saa 4 za mkupuo mmoja, mwili wa mtu ukipata hizo unarudi kuwa mwili.

Lakini kuna jambo kwenye barua yako umelipita haraka na mie limenikaa. Mtoto anakaa toka saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni bila ziwa. Sasa unashangaa nini akilitafuta usiku? Mtoto ambae mama yake yuko kazini anahamishia kunyonya usiku, anakulipisha saa zake zote ulizoondoka, na si maziwa tu, anakutaka wewe mwenyewe, huu umri wa miezi 8 ndo wanaanza kujua kuwa mama anaweza kuondoka na hawapendi. Hapo dawa ni mchana. Mnyonyeshe kabla hujatoka, hata kama amesinzia. Kamua maziwa uache, kopo safi lenye mfuniko, kwenye friji yanakaa hadi siku 4, ila nje ya friji kwa joto letu la Tanga usizidishe saa chache, na anyweshwe kwa kikombe, chupa za chuchu ni kazi kuziosha zikasafika. Maziwa ya ng'ombe kama kinywaji yasubiri mpaka atimize mwaka, kidogo ndani ya uji hayana neno.

Na bosi wako mkumbushe, tena kwa upole maana mkate wako uko kwake: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, hiyohiyo iliyokupa siku 84 za likizo ya uzazi, inasema mama anayenyonyesha apewe muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, mpaka saa 2 kwa siku. Wengi hawaijui na waajiri hawaendi kuitangaza msikitini. Makorora na Ngamiani si safari, mchana unaweza kwenda au dada akakuletea mtoto dukani ukanyonyesha nyuma ya rafu za vipuri. Hilo moja tu linaweza kukupunguzia kuamka kwa usiku kuliko chupa 10 za Gripe Water.

Sasa usiku wenyewe. Ukirudi saa 12 usikimbilie jiko, dada au mama mkwe wapike, muda huo ni wa mtoto, kaa nae, mnyonyeshe, cheza nae, ashibe sura yako. Chakula chake cha jioni saa 12 na nusu, kiwe chakula kweli, viazi na samaki uliochambua mifupa, mchicha, ndizi, chochote mnachokula nyinyi bila pilipili, ule uji wa saa 4 usiku uache, kumjaza tumbo usiku hakumlazi na wewe mwenyewe umeona. Saa 1 aoge maji ya uvuguvugu, apakwe mafuta, taa ya chumbani iwe hafifu, tivii izimwe au sauti ishuke kabisa, na huyo baba wa kumrusha juu arushe kabla ya kuoga, si baada. Alafu ziwa, na hapa ndo penyewe: mnyonyeshe taa ikiwa bado inawaka, ukiona kope zinashuka mtoe kabla hajazama, mbebe begani, msomee dua yake, muimbie, muweke chini bado anajua kuwa anawekwa. Atalia. Weka mkono kifuani, mpigepige taratibu, endelea kuimba, akizidi mnyanyue mpaka atulie, mrudishe chini tena. Usiku wa kwanza unaweza kuinama na kuinuka mpaka kiuno kikatike, ukitaka kukata tamaa mwite mtu akupokee. Kila siku mambo yaleyale kwa mpangilio uleule, mtoto hasomi saa ila anasoma mpangilio, akisikia mafuta na ile nyimbo mwili wenyewe unaanza kulegea.

Akiguna usiku usiruke. Watoto wanalia hata usingizini macho yamefumba, subiri kidogo usikilize, ukimwahi na ziwa umemuamsha wewe. Akiamka kweli, mwanzo mpigepige kwanza, na mnyonyeshe mara moja au mbili usiku kwa utulivu bila taa kali na bila simu usoni. Nyakati nyingine arudishwe bila ziwa, na anayemrudisha asiwe wewe, maana wewe unanuka maziwa, akikusogelea tu anakumbuka.

Hapo anaingia mume. Kusema hana ziwa ndo sifa yake hasa, kwa kazi hii anatakiwa asiyekuwa na ziwa! Wiki za shifti ya mchana achukue zamu ya mwanzo, toka saa 3 mpaka saa 7 usiku, wewe nenda kalale chumba cha mama mkwe na mlango ufungwe, mtoto akiamka baba ambembeleze, akishindwa kabisa ndo akuite. Muombe akiwa kashiba na katulia, usimuombe saa 8 usiku mkiwa mmeshikana mashati. Wiki za shifti ya usiku zamu hiyo achukue mama mkwe.

Na mama mkwe tumpe heshima yake, mwanamke ameacha nyumba yake Pangani kuja kukubebea mtoto. Usimwambie shangazi kasema, utaniletea balaa. Mwambie mama nimechoka, naomba nisaidie jambo hili na hili, mpe kazi, mzee akipewa kazi hana muda wa kulaumu. Dua asome, hata mie nasomea wajukuu. Ila mvuje utoke shingoni leo hii, uzi shingoni kwa mtoto anayelala unaweza kumnyonga, kama lazima uwepo ufungwe juu ya mlango. Ubani afukize uani mtoto akiwa mbali, moshi kwenye chumba kilichofungwa unaingia kifuani na mtoto mwenye kifua halali. Sweta, kofia na soksi kwa kaskazi hii hapana, mtoto akipata joto kupita kiasi usingizini ni hatari kwake mbali na kuwa anaudhika, fulana moja nyepesi inatosha, mguse shingo kwa nyuma, ukikuta jasho mpunguze nguo. Feni iwashwe isimpige usoni, na siku umeme ukikatika fungua dirisha lenye wavu.

Kumlaza kifudifudi nalo liishe. Zamani ndivyo tulivyofundishwa wote, hata mahospitalini, lakini Uingereza walipoanza 1991 kuwaambia wazazi walaze watoto chali, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilishuka kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka michache. Mlaze chali, akijigeuza mwenyewe usiku mwache, miezi 8 ana nguvu. Kwenye kitanda chenu cha watatu asilale katikati ya mito, godoro lisiwe la kubonyea, asilale upande wa ukuta kukiwa na upenyo wa kutumbukia, na kama kuna anayevuta sigara au anayerudi kanywa, mtoto asilale nae. Chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro pande zote, mbu mmoja ndani ya neti anaamsha ukoo mzima, na hapa kwetu mbu si kero tu ni malaria.

Kuhusu maziwa mepesi, kadi ya kliniki ndo hakimu. Mstari wa uzito ukipanda kila mwezi maziwa yako mazito yanatosha, ukilala au ukishuka nenda nayo kwa nesi.

Piritoni sasa. Naandika kwa sauti ya juu hapa. Ile ni dawa ya mzio, kusinzisha ni madhara yake, na mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi bila daktari. Inaweza kumlegeza mpaka pumzi zikapungua, na kuna watoto inawafanya kinyume, wanahangaika usiku kucha. Ndugu yake promethazini ndo mbaya zaidi, mamlaka ya dawa ya Marekani 2004 iliweka onyo kali kwamba isipewe kabisa mtoto chini ya miaka 2 kwa sababu imesimamisha pumzi za watoto na wengine wakafa. Jirani yako wanae wako shule alhamdulillah, ila wale ambao hawakuamka mama zao hawakai barazani kutoa ushauri. Gripe Water yenyewe haina makali hayo, ilibuniwa Nottingham kule Uingereza 1851 na mfamasia mmoja William Woodward, na ya zamani ilikuwa na pombe ndani, ndo maana watoto wa enzi hizo walikuwa wanatulia sana, hahaa! Za sikuhizi nyingi hazina pombe, soma lebo, lakini hazimfundishi mtoto kulala, hela hiyo nunua ndizi. Na asali kumlambisha ili alale, kama kuna atakayekuletea wazo hilo, hapana mpaka atimize mwaka, inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mpaka ashindwe kuhema.

Huyo wa Dar na voisi yake hajakudanganya kabisa. Njia ya kumuacha mtoto alie kidogo, mzazi akiingia na kutoka kila baada ya dakika fulani, imefanyiwa utafiti, Australia waliwafuatilia watoto mpaka wakafika miaka 6 na matokeo ya 2012 hayakuonyesha madhara, wala faida ya kudumu. Mie sikupi hiyo kwa sababu mbili. Ukuta wenu haujafika juu, siku ya pili majirani watakuja kugonga na wewe utamchukua mtoto katikati ya kilio, hapo atakuwa amejifunza kwamba akilia sana anapata, utakuwa umeharibu zaidi. Na mtoto ambae hakuoni kutwa, akupate usiku tu kisha umfungie mlango, moyo wangu haukubali, niite wa kizamani.

Usianze wiki ambayo mtoto ana homa au meno yanamtoka kwa shida, na usianze Ramadhani, nyumba inayoamka daku haimfundishi mtu kulala. Na ukisikia kigodoro kinapigwa mtaa wa pili usiku huo uhesabu umeharibika, kesho endelea. Toa wiki mbili tatu kabla hujasema haifanyi kazi. Kahawa ya jioni acha kabisa, inapita kwenye maziwa na wewe mwenyewe inakunyima zile saa chache.

Hospitali nenda kama kuna homa, apimwe malaria, usikubali kupewa dawa bila kipimo, au kama anavuta sikio na kulia akilazwa chini, anakoroma na kuhema kwa mdomo kila usiku, anaharisha au uzito umegoma. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea na kulala kuliko kawaida kiasi cha kutoamshika, hapo hakuna kesho, chukua bajaji usiku huohuo.

Na hilo la kumuachisha ziwa, usifanye. Ukimuachisha leo ataamka vilevile na wewe utakuwa huna cha kumtulizia, utaanza kuchemsha maji saa 8 usiku. Apunguziwe ya usiku taratibu kama nilivyokueleza, mchana na alfajiri aendelee mpaka miaka 2 na zaidi. Mwezi ujao anatimiza 9, kuna chanjo ya surua, ukienda nae muulize nesi kama chandarua kipya kipo, mara nyingi hutolewa siku hiyo.